Sindano Haijui Mkwe

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nampigia mama simu. Nampigia nikiwa nimesimama, kwa sababu simu ya namna hiyo siwezi kuipiga nikiwa nimekaa. Natembea kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, narudi, naenda tena. Mama mwenye ploti, yule anayetukodisha nyumba hapa Nyamasaria, aliwahi kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza pale uani. Nilimwambia sijapoteza bado.

Mama yangu anaishi peke yake nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka soko la Katito, na ana sukari. Huku kwetu hatusemi mtu anaugua kisukari. Tunasema ana sukari, namna ile ile tunavyosema fulani ana ng'ombe, na nadhani ndiyo maana watu huichukulia kama mali ya mtu isiyofaa kuulizwaulizwa. Mimi nauliza. Yake ni ile ya sindano, asubuhi na jioni, na haina sikukuu.

"Umeamka?"

"Nimeamka."

"Umejipima?"

"Nimejipima."

"Inasemaje?"

"Iko sawa."

Tunaongea Kijaluo, mimi na yeye, kwa hiyo haya nimeyageuza tu. Lakini hata uyageuze mara ngapi, "iko sawa" ya mama haina tarakimu ndani yake. Naikataa. Namwambia arudi kwenye mashine anisomee inavyosema. Anakohoa kidogo, ananiambia kuku wameingia jikoni, simu inakatika. Nabaki uani na hasira zangu, na huko Kondele, kwenye kibanda changu cha kushona yunifomu za shule, marinda ya watoto wa watu yananingoja.

Nisije nikamchora mama kama mzembe. Si mzembe hata kidogo. Anakula ugali wa mtama na muhogo, ngumi moja tu, na alipoambiwa kliniki kwamba kipimo ni ngumi, aliuliza ngumi ya nani, kwa maana ya marehemu baba ilikuwa inatosha watu watatu. Anaanza na mboga, osuga au mrenda, ndipo aguse ugali. Akimaliza haketi, anatembea hadi kwenye ua wa jirani, anasimama kuusifia au kuukosoa, anarudi. Shambani haendi miguu mitupu tena, ana raba zake, na kila akizivaa anazikung'uta kwanza. Jioni anaweka kipande cha kioo chini, ananyanyua mguu mmoja mmoja juu yake na kukagua nyayo, kwa sababu jirani yake alichomwa na mwiba asihisi, na leo anatembea kwa magongo.

Friji hana. Dawa yake inakaa kwenye chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni. Vyungu hivyo vilipangwa na mume wangu, ambaye ni fundi wa friji. Alikaa navyo hapa uani karibu wiki nzima, anatia kipimajoto, anatoa, anaongeza mchanga, anavihamishia kivulini, mpaka akaridhika. Kisha akaniambia nivipeleke mimi. Yeye mwenyewe hakwenda, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nami nilitoa mchango wangu. Nilifukuza sukari nyumbani kwangu. Nilisema kama mama hali sukari, basi hakuna mtu atakayeila chini ya paa langu, na nikalipeleka kopo lote kwa mama mwenye ploti. Mume wangu alinitazama nikitoka nalo. Hakusema kitu. Ana namna ya kutosema kitu inayokufanya uamini amekubali.

Sasa najua mtu wa mbali ataniuliza: kwa nini usimchukue mama akae kwako, uache kutembeatembea uani kila asubuhi? Swali zuri, na nimeulizwa hata na daktari. Jibu ni kwamba mama hawezi kulala nyumba moja na mkwe wake. Kwa Wajaluo mama mkwe halali kwa mkwe wa kiume, na mume wangu ni mtu wa Vihiga, ambako kwao mambo haya ni makali kuliko hata kwetu. Wapo waliolegeza, siku hizi mjini utakuta mama mkwe na mkwe wanatazama taarifa ya habari pamoja kwenye kochi moja. Sisi hatumo. Mama na mume wangu hawashikani mikono. Hawakai viti vinavyokaribiana. Na zaidi ya yote, mama hali chakula mbele yake. Tangu niolewe sijawahi kuona mama yangu akitia tonge mdomoni huku mume wangu akiwa chumbani humo, na wala yeye hajawahi kuona.

Na msidhani hawapendani. Wanaheshimiana mpaka inachosha. Lugha yao ni Kiswahili, kwa sababu yeye Kijaluo chake ni cha sokoni na mama Kiluhya hajui, na hicho Kiswahili wanakitembeza taratibu kama watu wanaobeba kabati ngazini.

"Mama, habari ya siku mingi?"

"Mzuri tu, Baba. Watu wa kwenu wako?"

"Wako, Mama."

"Hiyo ni vizuri."

Kisha mmoja anatafuta sababu ya kwenda nje. Kwa kawaida ni yeye. Anasema kuna pikipiki anaisikia ikilia vibaya.

Kwa hiyo siku za kliniki ya mjini mama hutoka Katito alfajiri, tumbo tupu, kwa sababu damu hupimwa kabla hajala. Sindano yake ya asubuhi anaibeba kwenye chupa ya chai iliyotiwa maji baridi. Tukimaliza kliniki namleta kwangu, anajidunga, anakula, anapumzika kidogo, na kabla jua halijageuka anakuwa njiani kurudi. Yote hupangwa wakati mume wangu yuko kazini. Mpango huu ulifanya kazi muda mrefu, nami niliuchukia muda wote, kwa sababu ulitegemea kila mtu afike anapotakiwa na asifike asipotakiwa. Mimi mipango ya namna hiyo inaninyima raha.

Siku ninayotaka kuieleza ilianza kwa furaha. Kliniki walimpima mama, na muuguzi akasema sukari imeshuka vizuri sana. Imeshuka. Neno hilo kwetu ni la kupigiwa vigelegele. Miaka yote tangu mama agundulike ana sukari, kilio chetu kimekuwa imepanda, imepanda tena, na kila iliposhuka niliwapigia ndugu zangu simu kuwatangazia. Siku hiyo nilimkumbatia mama pale pale kwenye foleni mpaka akaniambia nimwache, watu wanaona. Foleni ilitukawiza, na tulipofika kwangu adhuhuri imepita nilimpigia mume wangu kazini nikamwambia, "Imeshuka, hujawahi kuona ilivyoshuka." Naye akasema Mungu ni mwema.

Nilipika ugali, mrenda, na samaki wa kuchemsha. Mama akajidunga jikoni, akafuta mahali pa sindano kwa kidole gumba, akakaa mezani. Simu yangu ikalia: mwalimu mkuu mmoja alikuwa amesimama Kondele mbele ya kibanda kilichofungwa, amekuja kuchukua sweta za shule nzima. Nilimwekea mama maji ya kunawa, nikafunika sahani ili chakula kisipoe wakati ananawa, nikaondoka. Mama hapendi nimwangalie akila; anasema namhesabia matonge. Ni kweli huwa namhesabia.

Mwalimu mkuu alikuwa bado anahesabu sweta wakati mvua ilipoanza. Ile mvua yetu ya alasiri, inayotoka upande wa milima ya Nandi bila kupiga hodi, na kwa muda mfupi tu mitaro ya Kondele ikajaa na watu wakapanda kwenye vibaraza vya maduka. Nilichukua simu nimuulize mama kama ameshiba. Nilitaka tu kusikia "iko sawa" yake.

Aliipokea baada ya simu kulia muda mrefu.

"Mama, umekula?"

"Waambie watoe omena juani," akasema.

"Omena gani?"

"Omena. Waambie waianue."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea akiwa amelala, na kulikuwa na mvua kubwa nje, na sisi hatukuwa tumeanika omena, hao dagaa wa Ziwa. Nilikata, nikampigia mume wangu, ili nimwombe akimbie nyumbani kutoka kazini. Akapokea kwa kunong'ona.

"Niko nyumbani," akasema. "Nilirudi kuchukua geji ya kupima gesi ya friji, halafu mvua ikanifungia."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa veranda."

"Kwa veranda na hii mvua?"

"Nikiingia, alitoka. Nilimwambia, Mama, rudi ndani, kuna baridi. Akasema yeye ako sawa hapo. Nami sikutaka kumsumbua." Akapumua. "Lakini nafikiri mama ana malaria. Anatetemeka, na jasho inamtoka mingi sana. Nimemwekea blanketi kwa kiti karibu na yeye, lakini hachukui."

Malaria. Mtu wa Ziwa akiona mwenzake anatetemeka na kutoa jasho, hana haja ya kufikiri zaidi. Tumezaliwa tunaijua. Na hapo nikaona picha yote, kama mtu aliyefunua sufuria. Mama amejidunga. Amenawa. Ameinua kifuniko cha sahani labda. Lango likalia. Akafunika sahani, akatoka nje kwa adabu yake yote, na mume wangu akakaa ndani kwa adabu yake yote, na mvua ikawafunga hivyo, mmoja huku na mwingine kule, wakiheshimiana. Na sindano ndani ya mama ikaendelea na kazi yake.

"Chakula iko wapi?" nikauliza.

"Iko kwa meza, imefunikwa."

"Amekula?"

"Sasa mimi nitajuaje kama mama amekula?" Alisema kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza rangi ya kamisi yake.

"Funua uangalie."

Nikasikia kifuniko. "Ugali bado iko mzima."

"Hiyo si malaria," nikasema, na nilikuwa napiga kelele, mwalimu mkuu ameacha kuhesabu ananitazama. "Hiyo ni sukari imeshuka."

"Si umeniambia leo imeshuka ni mzuri?"

Tulikuwa tumemfundisha hivyo, sisi wote na vigelegele vyetu. Hakuna siku hata moja tulikaa naye tukamwambia kwamba inaweza kushuka ikapita, ikashuka mpaka ikamchukua mtu. Mama mwenyewe alielezwa kliniki, akaitikia kwa kichwa, akaambiwa abebe peremende, akazigawa kwa wajukuu.

"Tafuta sukari," nikamwambia. "Koroga kwa maji kidogo umpe." Na hata sijamaliza kusema nikakumbuka lile kopo nililolitoa kwa mikono yangu mwenyewe, nikijiona mtakatifu. "Hatuna sukari. Hatuna sukari. Enda kwa mama mwenye ploti."

"Hayuko. Alitoka kabla ya mvua."

"Duka."

"Mtaro umefurika, siwezi vuka." Nilidhani mtandao umekatika. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Sukari iko."

"Iko wapi?"

"Kwa boksi ya spana."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo sijui kama nicheke. Miezi yote ile nilikuwa nikimpa chai isiyo na sukari, anainywa akinihakikishia kwamba mtu huzoea, kumbe ana kikopo chake cha sukari kati ya spana na koleo, akienda "kuangalia pikipiki" anajikorogea. Wakati ule sikucheka wala sikukasirika. Nilimwambia achukue.

Nikasikia chuma kikigongana, maji, kijiko.

"Nimekoroga," akasema. "Nimpe aje?"

"Na mkono wako."

"Nimpe na mkono?"

"Anameza? Muulize kitu, uone kama anajibu."

"Mama," nikamsikia akiita, na mvua ikawa kubwa kwenye simu, ina maana ametoka nje, kwenye veranda. "Mama, unanisikia?" Halafu kwangu, "Amefungua macho. Anasema omena."

"Basi anaweza kumeza. Mshike kichwa. Mpe kidogo kidogo. Akikataa kumeza usimmiminie."

Nikasikia kijiko kikizunguka tena kikombeni, ingawa alikuwa ameshakoroga. Mtu huyu hajawahi kumpa mama yangu mkono wa salamu. Aliniletea mahari kupitia kwa wajomba, alimtengenezea vyungu vya dawa akavituma. Na sasa namwambia amshike kichwa.

"Mama, nisamehe," nikamsikia akisema. "Nisamehe, Mama. Kunywa."

Simu ikakatika.

Nilipiga tena na tena. Haikuingia, na ya mama pia haikuingia. Nilitoka kwenye kibanda nikaacha kila kitu wazi na mwalimu mkuu ndani yake, nikasimama katikati ya mvua pale Kondele nikiwapungia bodaboda ambao wote walikuwa wamejificha chini ya mabati. Mmoja aliniuliza kama nina wazimu. Nilimwambia mama yangu anakufa, akawasha pikipiki bila kuongea tena. Njia nzima sikuomba vizuri. Nilikuwa naongea na Mungu kwa hasira, namwambia si leo, leo walisema imeshuka vizuri, si leo. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na sijui kuogopa nikiwa nimetulia. Nilikuwa nampiga yule dereva mabega kama vile ni punda.

Nilifika lango liko wazi, veranda haina mtu. Blanketi liko chini limelowa. Nikaingia.

Mama alikuwa amekaa mezani. Nywele zimemganda usoni kwa jasho, leso imeteleza begani, na alikuwa anakula. Anakata ugali, anaviringa, anachovya kwenye mrenda, anatia mdomoni. Mkono ulikuwa bado unamtetemeka kidogo. Na upande wa pili wa chumba, kwenye kigoda, mume wangu alikuwa amekaa amempa mgongo, uso ameuelekeza ukutani, karibu kabisa na ukuta, mikono juu ya magoti. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani kwa maji ya veranda.

"Mama, bado unakula?" akauliza ukuta.

"Nakula, Baba."

"Usiache."

"Siachi."

"Na samaki pia."

"Hata samaki nakula."

Nilisimama mlangoni nikichuruzika maji. Hakuna aliyegeuka. Nikaanza kulia, na mama akaniambia kwa Kijaluo nifunge mlango, baridi inaingia.

Usiku ule mama alilala kwa mama mwenye ploti, aliyekuwa amerudi na kuambiwa yote. Asubuhi nilimpima, nikamlisha, nikamsindikiza mpaka stendi. Hakuniangalia usoni. Nilidhani ni uchovu. Kumbe ni aibu, na aibu ya mama ilikuwa mbaya kuliko nilivyoijua.

Nilipompigia kesho yake alisema iko sawa, akakata. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Mwisho wa wiki ndipo akalitoa la moyoni.

"Ile nyumba yako sitaingia tena."

"Kwa nini, mama?"

"Mkwe wangu amenishika kichwa. Ameniona nikitokwa na mate. Nimekula mbele yake."

"Alikuwa ameangalia ukuta."

"Ukuta una masikio. Amenisikia nikitafuna."

Nilijaribu upole, na upole si kipaji changu. Nilimweleza kuwa asingefanya hivyo tungekuwa tunaongea habari za jeneza. Nilimwambia, "Mama, sindano haijui mkwe. Ikishaingia inafanya kazi yake, awepo mkwe asiwepo mkwe."

"Sindano haijui," akasema. "Mimi namjua."

Siku ya kliniki ikafika, hakuja. Nilimngoja langoni mwa hospitali mpaka foleni ikaisha. Nilipompigia alisema mvua ilinyesha Katito. Haikuwa imenyesha, niliuliza watu. Dawa aliyokuwa nayo kwenye chungu ilikuwa inaelekea kwisha, na nilijua hata angemwomba mmoja wa ndugu zangu amletee nyingine, bila kupimwa ingekuwa kupiga gizani. Tena alikuwa ameanza kuogopa sindano yenyewe. Jirani yake mwenye magongo ndiye aliyeniambia: siku nyingine mama anajidunga nusu, siku nyingine anakula kwanza halafu ndipo anajidunga, siku nyingine haeleweki. Kwa kuogopa ishuke tena, alikuwa anaiacha ipande.

Sikulala vizuri kipindi kile, na mchana sikukaa vizuri. Nilishona mikono ya sweta kinyume, nikafumua, nikashona tena kinyume. Nyumbani nilinunua sukari nikaiweka kabatini mbele kabisa mahali kila mtu anaona, na pakiti za glukosi juu ya friji, na peremende kwenye mkoba, na kila nikizipita nilisikia uchungu, kwa sababu zote zilikuwa zinamngoja mtu ambaye hataki kuja. Mume wangu alikuwa anatia sukari kwenye chai hadharani sasa, kijiko kimoja, akinitazama kwanza. Mara mbili tatu nilimropokea bila kosa. Mara moja nilimwambia laiti angebaki kazini siku ile na kusahau hiyo geji yake. Akaweka kikombe chini akatoka kwenda kuangalia pikipiki. Baadaye nilimwomba radhi, akasema hakuna neno, na mimi mwenyewe ningempa mtu jibu hilo ningekuwa nimekasirika sana.

Jioni moja alikuja jikoni nikiosha mrenda.

"Nipe namba ya mama," akasema.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Nilishangaa kwamba hakuwa nayo. Miaka yote hiyo, akitaka kumsalimia alinituma mimi. Nilimwandikia kwenye simu yake kwa vidole vilivyolowa, nikangoja aeleze. Hakueleza. Nami nilikuwa nimechoka kuuliza watu wasiojibu, nikaendelea na mboga.

Asubuhi iliyofuata nilitoka uani kama kawaida, nikasimama mlangoni mwa jikoni, nikampigia mama. Sauti ya mwanamke wa mtandao ikaniambia nambari ninayopiga inatumika. Nikatembea hadi kwenye kamba ya nguo, nikapiga tena. Inatumika. Mama hapigiwi na mtu saa hiyo. Mama hapigi mtu saa yoyote. Nikaanza kuwaza kwamba jirani ndiye ameshika simu yake, anatafuta watu wa kuwajulisha, na mimi ndiye wa mwisho. Nilikimbia kuzunguka nyumba kwenda kumwamsha mume wangu anipeleke na pikipiki hadi Katito.

Hakuwa kitandani. Alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa tangi la maji, amesimama amegeukia ukuta wa ploti, karibu kabisa, uso unaelekea matofali. Simu ilikuwa sikioni.

"Umedunga yote? Si nusu?" alikuwa anasema. "Sawa, Mama. Na mboga ni gani leo? … Hiyo ni mzuri. … Hapana, Mama, kwa simu hakuna mtu anaona mtu. Mimi niko kwa ukuta hapa. … Kliniki ni Alhamisi. Nitakaa vile tu nilikaa, mpaka umalize. Kigoda nimeweka hapo tayari."

Nikamshika mkono, nimnyang'anye simu, niisikie sauti ya mama mwenyewe. Hakugeuka. Aliinua kidole kunizuia, akasikiliza kwa muda, uso wake kwenye matofali.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Bado anatafuna."